Bunduki Bila Jina: Attica, 1971

Ndugu zangu, tunaidai serikali mafunzo ya askari magereza, lakini nianze na daftari. Kila ghala la silaha huwa na daftari: fulani kachukua bunduki namba fulani na risasi kadhaa, karudisha saa fulani. Lakini asubuhi ya Septemba 13, 1971, polisi wa jimbo la New York walipotumwa kulikomboa gereza la Attica, waligawiwa bunduki bila kuandikwa nani kapewa ipi. Wengine walivua hata beji zao.

Wafungwa walikuwa wamelishikilia gereza tangu Septemba 9, wakiwa na mateka, wengi wao askari magereza. Helikopta ikamwaga gesi ya machozi, kisha risasi zikanyesha kwa dakika chache. Polisi wale kazi yao ya kila siku ilikuwa doria za barabarani. Baadhi walibeba bunduki za marisau. Hebu fikirini: silaha ambayo kila fyatuo hutawanya vipande, ndani ya uwanja wenye watu zaidi ya elfu moja, katikati ya ukungu wa gesi! Askari magereza walikuwa wamekatazwa kushiriki. Baadhi yao wakafyatua vilevile. Wakafa watu 39: wafungwa 29, mateka 10.

Maofisa wakatangaza kwamba mateka wamechinjwa na wafungwa. Magazeti yakachapisha. Kesho yake Dkt. John Edland, daktari wa kuchunguza maiti, alichunguza maiti za mateka alizoletewa, akakuta wote wameuawa kwa risasi. Na wafungwa hawakuwa na bunduki hata moja.

Hapo ndipo panaponiuma. Risasi imetolewa mwilini, lakini ilitoka mkononi mwa nani? Hakuna daftari la kuuliza. Wafungwa 62 walishtakiwa. Polisi? Mmoja, na kesi yake ikafutwa. Kwa hiyo tunapoidai serikali mafunzo ya askari magereza, tuulize pia ufunguo wa ghala anao nani, na anaandika nini.

Wajane wa askari magereza waliokufa waliletewa hundi. Wakazipokea, maana nyumbani kuna watoto. Baadaye wakaambiwa ile ni fidia ya kazini, na aliyeipokea hawezi tena kuishtaki serikali. Mjane mmoja aliikataa, akaenda mahakamani, akashinda. Wengine walisubiri hadi 2005 ndipo jimbo likakubali kutoa dola milioni 12 kwa manusura na familia za wafanyakazi wa gereza.