Kobe Amegoma Kula: Pima Joto Kabla ya Kubadilisha Chakula

ZUHURA: Asalaam aleikum na karibuni. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Baraka, na wote tuko hapa North Carolina. Dada mmoja wa Greensboro katutumia ujumbe wa sauti. Jirani yake alipohama aliwaachia watoto kobe wa sanduku, yule anayejifungia kabisa ndani ya gamba. Sasa hagusi kitu. Wamempa tufaha, wamempa ndizi, wamempa saladi, wapi.

BARAKA: Dada, pole sana. Ombi langu la kwanza: leo usimbadilishie chakula. Tafuta kipimajoto.

ZUHURA: Kipimajoto? Lakini shida ni kula.

BARAKA: Ndiyo, na kula kwake kunategemea joto. Kobe hajitengenezei joto mwilini kama sisi, analipata nje. Akipoa, tumbo halisagi, na chakula kinaweza kuozea humo humo. Kwa hiyo mnyama wa baridi anayekataa kula anajilinda. Pale chini ya taa ya kumpasha joto pafike nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi. Upande wa pili pawe na kivuli, nyuzi 21 hadi 24, ili achague mwenyewe. Na upime usawa wa gamba lake, si juu ukutani.

ZUHURA: Amesema wanamweka dirishani, jua linampiga vizuri.

BARAKA: Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kioo cha dirisha kinazuia UVB, yaani ile mionzi ya jua isiyoonekana, na bila mionzi hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, basi hata kalisi anayokula haimfai. Tena tangi la kioo likipigwa na jua linaweza kumchemsha akafa. Anunue taa ya UVB ya reptilia. Taa hiyo huchoka kimya kimya: unaiona inawaka, kumbe mionzi imekwisha. Aina nyingi hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12.

ZUHURA: Haya, joto tumepata, mwanga tumepata.

BARAKA: Bado unyevu, na huo ndio ninaoupigania zaidi. Kobe huyu wa mashariki mwa Marekani ni mnyama wa msituni, wa majani yaliyooza na udongo wenye maji. Ndiye reptilia rasmi wa jimbo letu tangu 1979, na ukitaka kumwona, nenda asubuhi baada ya mvua: anatoka kutafuta konokono. Basi mletee hiyo mvua. Asubuhi nyunyizia makazi yake maji mpaka udongo unukie, kisha ndipo uweke chakula.

ZUHURA: Na kumwogesha?

BARAKA: Muhimu mno, kwa sababu kobe asiyekula huishiwa maji. Maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu chake, dakika 15 hadi 20, mtu mzima akiwa karibu. Beseni liwe lake peke yake, na watoto wanawe mikono kwa sabuni. Kobe hubeba salmonela, vijidudu vinavyoharisha watu, hata akiwa mzima. Ndiyo maana tangu 1975 nchi hii imepiga marufuku kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4 kama wanyama wa nyumbani.

ZUHURA: Sasa tuje kwenye sahani, kaka. Aanze na nini?

BARAKA: Nyungunyungu aliye hai! Kitu kinachojongea kinamwamsha kuliko saladi yoyote. Konokono wa bustani isiyopigwa dawa, nyenje, uyoga wa dukani, stroberi iliyoiva. Rangi nyekundu inamvuta. Akishashika kula, ndipo umchanganyie boga, viazi vitamu na sukuma wiki, ukikatakata vyote pamoja ili asichague. Na wamwekee mahali pa kujificha. Amehamishwa nyumba, ana woga. Wasimshikeshike wala kumzunguka anapokula.

ZUHURA: Lakini siku nazo zinafupika, baridi inaingia. Si ndiyo huacha kula?

BARAKA: Hupunguza, kweli, hata ndani ya nyumba. Lakini aliyekonda au mgonjwa asiachwe alale majira yote ya baridi, anaweza asiamke. Mwaka huu wamwashie taa saa 12 hadi 14 kwa siku, wampime uzito kila wiki.

ZUHURA: Na daktari aitwe lini?

BARAKA: Macho yakivimba, leo leo. Mara nyingi ni upungufu wa vitamini A, na kobe asiyeona hawezi kula. Uvimbe nyuma ya jicho, mahali pa sikio, mapovu puani, kupumua mdomo wazi, mdomo uliorefuka mpaka haufungiki: yote hayo ni ya daktari wa reptilia. Hata bila dalili hizo, kama joto na unyevu viko sawa kwa wiki nzima na bado hataki kula, aende. Asimlazimishe chakula kinywani, kinaweza kumpalia.

ZUHURA: Na akianza kula, ale kila siku?

BARAKA: Mkubwa, siku moja ale, siku moja apumzike. Mdogo ale kila siku, tena wadudu wawe wengi zaidi. Wamnyunyizie unga wa kalisi kwenye chakula mara mbili au tatu kwa wiki. Na dada, kobe huyo akitunzwa anaweza kupita miaka 40, kwa hiyo wafundishe watoto hayo yote sasa.