Kimya cha Mbao Zilizovunjika

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kuitazama "Kwaidan", filamu ya kutisha ya Kijapani, nilikuwa peke yangu usiku, nimevaa spika za masikioni. Kwenye kisa cha kwanza, samurai aliyemtelekeza mkewe amerudi, wamelala pamoja, na asubuhi anaamka kando ya mifupa na nywele ndefu nyeusi. Anakurupuka. Sakafu imeoza, mbao zinavunjika, miguu inazama. Nami sisikii kitu! Nikachomoa waya, nikapuliza tundu, nikachomeka tena, nikarudisha nyuma. Kimya kile kile. Baadaye milio ya mbao kupasuka ikaanza kuja, lakini haifuatani na ninachokiona. Ndipo nikaelewa kwamba waya wangu ni mzima. Mtu alikuwa amenifanyia makusudi.

Mtu huyo ni Toru Takemitsu, mtunzi wa muziki. Kwa kisa hicho, badala ya ngoma na zeze za kumtisha mtazamaji, alirekodi mbao zikipasuliwa, akaichezea milio hiyo studio, kisha akaichomeka pale ambapo hukuitarajia. Tumezoea filamu za kutisha zinazotupigia kelele. Huyu alituibia sauti.

Filamu ilitoka Japani mwishoni mwa 1964. Muongozaji ni Masaki Kobayashi, na ndiyo filamu yake ya kwanza ya rangi. Ni visa vinne ndani ya saa tatu na dakika tatu, vyote kutoka kwa Lafcadio Hearn, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi ya magazeti Marekani, akahamia Japani 1890, akaoa huko na kuitwa Koizumi Yakumo. Hadithi nyingi alisimuliwa na mkewe, Setsu. Kwa hiyo tukimsifu bwana tusimsahau aliyekuwa na hazina yenyewe.

Sasa, mandhari. Kobayashi alikodi jengo kubwa lililokuwa banda la ndege, akajenga ulimwengu wake humo. Mbingu mnazoziona zimechorwa kwa mkono. Katika kisa cha mwanamke wa theluji tazameni vizuri juu ya msitu: kuna jicho. Halijifichi, wala hakuna mhusika anayelitaja. Tatsuya Nakadai, anayecheza mkata kuni, anapita chini yake na kuni zake mgongoni kana kwamba ni wingu tu. Filamu ilipopelekwa Marekani, kisa hicho kilikatwa ili kupunguza urefu. Mimi naona walikata kipande kizuri kupita vyote.

Kisa cha Hoichi kitawagusa watu wa pwani. Hoichi ni kipofu, mpiga biwa, ala ya nyuzi ya Kijapani, anayeitwa usiku kuwaimbia mizimu ya ukoo wa Heike, walioangamia katika vita vya baharini vya Dan-no-ura mwaka 1185. Ili kumkinga, makasisi wanamwandika maneno matakatifu ya Kibuddha mwili mzima: kope, shingo, vidole, nyayo. Nasi tuna kombe, aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa, maji yake yananywewa. Wao wino unabaki juu ya ngozi. Na kamera inapita taratibu juu ya ngozi hiyo, mstari kwa mstari, mpaka unajiona nawe ni mkaguzi. Masikio wameyasahau. Mzimu unapofika hauoni mtu. Unaona masikio mawili yaning'inia hewani, nao unayachukua.

Angalieni mchezo: sakafu imenyimwa sauti, masikio yamenyimwa wino. Kisa cha nne kimenyimwa mwisho. Kinahusu mwandishi aliyeacha hadithi njiani, ya mtu aliyeona sura ya mgeni ndani ya kikombe cha chai akainywa. Mchapishaji anakuja kuchukua kazi yake, mwandishi hayupo. Wanamkuta wapi, sisemi.

Mwaka 1965 majaji wa Cannes waliipa tuzo yao maalumu. Hayo mengine mtayaona wenyewe. Leo tunatazama kisa cha kwanza tu, maana saa tatu ukumbi hautupi.

Kijana, zima taa. Na sauti ikikatika, tafadhali, mtu asimwite fundi.