Kabla hamjamjengea Mama nyumba, muulizeni anataka kuamkia wapi

Jambo bamama, jambo batata, jambo vijana wa Lushi, yaani Lubumbashi, kwetu Kongo. Wale wa Likasi na Kolwezi, nanyi ndugu zangu mlio huku Ulaya mnaoniangalia ndani ya basi mkienda kazini, karibuni. Niko jikoni kwangu, Liège, Ubelgiji. Ni saa nne usiku, nimetoka kazini, bado nina sare mwilini kama mnavyoona. Majirani wamelala, kwa hiyo nitasema polepole. Video hii nilikuwa nimeipangia Jumamosi, lakini leo kuna kitu nimekiona kazini, nikasema nisilale nacho.

Kwa wageni: kazi yangu ni kutunza wazee. Ni mwaka wa kumi na nne sasa niko katika nyumba ya wazee. Nawaogesha, nawavisha, nawalisha, nakaa nao wanapokata roho.

Ghorofa ya pili kuna mzee mmoja. Jina lake silitaji. Alianguka nyumbani kwake, akavunjika nyonga, akalazwa wiki tatu. Siku aliyoambiwa anaruhusiwa kutoka, watoto wake walikuwa na siku mbili tu za kumtafutia mahali. Penye nafasi ndipo walipompeleka. Kila jioni, saa kumi na moja hivi, anasimama karibu na mlango, anaingiza mkono katika mfuko wa kulia wa suruali, anapapasa. Halafu wa kushoto. Halafu anarudia wa kulia. Anatafuta funguo za nyumba yake. Leo amenishika mkono, akaniuliza, “Nani amefunga?” Nyumba yenyewe ilishauzwa. Nilikosa la kumjibu, nikamkalisha, nikakaa naye mpaka chakula kikaja.

Sasa msiandike hapo chini kwamba Wazungu wanatupa wazee wao. Nakataa. Korido hiyohiyo kuna bibi aliyekuja kwa miguu yake akiwa na miaka 79. Alitembelea nyumba tatu kabla ya kuchagua. Aliomba kuonja supu. Aliuliza usiku huwa wanabaki wafanyakazi wangapi, akauliza kama ataruhusiwa kuja na cherehani yake. Akachagua chumba chenye dirisha la upande wa barabara, kwa sababu anapenda kuona watu wakipita. Leo anatushonea vifungo vya sare zetu. Pensheni za hao wawili hazipishani sana. Bibi alichagua akiwa bado anatembea. Mzee alichaguliwa akiwa kitandani.

Narudi Lushi sasa, kwa sababu kosa la watoto wa yule mzee nimelifanya na mimi, tena kwa mapenzi yangu yote.

Wanaonifuata toka zamani wanakumbuka zile video za ujenzi. Tuko watoto watano: wawili Ulaya, mmoja Afrika Kusini, wawili wamebaki nyumbani. Baba alipofariki, tulisema Mama hawezi kuendelea kukaa Katuba, mtaa wetu wa zamani Lushi, nyumba ya vyumba vitatu, bomba liko nje, choo kiko nyuma ya lupango, yaani ua wa nyumba. Tukachanga miaka minne. Tukanunua kiwanja upande wa barabara ya Kipushi, mtaa mpya, kuta ndefu, mageti ya chuma. Tukajenga ghorofa. Karo, yaani vigae vya sakafu, zinang’aa mpaka unaona uso wako. Chumba cha Mama tukakiweka juu, apate hewa na aone mbali. Siku ya kufungua nililia hapa kwenye simu, na wengi wenu mlilia nami.

Mama alikaa miezi mitano. Asubuhi moja akafunga kitenge, akachukua mbabula yake, lile jiko la mkaa, na picha ya Baba, akatuma mtoto amwitie taksi, akarudi Katuba.

Nilikasirika. Nilimpigia nikamwambia, “Mama, tumejinyima miaka minne.” Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: “Mwanangu, nyumba ni nzuri, Mungu awabariki. Lakini tangu nifike kule hakuna aliyeniuliza nimeamkaje. Hata kilio sisikii. Mtu atakufa nyumba ya tatu, mimi nitaambiwa na mlinzi mwezi unaofuata.” Akanyamaza kidogo, akaongeza: “Na zile ngazi ninashuka kwa matako.”

Kwa matako. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuzuia wazee wasianguke, nilimlaza mama yangu wa miaka 76 juu ya ngazi kumi na saba za karo. Sikumuuliza hata neno moja. Nilikuwa namjengea Mama niliyemwacha mwaka 2008, yule aliyebeba gunia la makala, yaani mkaa, kichwani toka soko la mtaa wa Kenya, hapo hapo Lushi.

Mwaka jana nilienda. Nililala Katuba wiki nne, chumba cha nyuma, na niliangalia siku ya Mama kama ninavyoangalia siku ya mgonjwa mpya. Kabla ya saa kumi na mbili ameshaamka. Anatoa mbabula nje, chini ya mwembe, anawasha. Moshi unapanda, unavuka ukuta. Jirani wa kushoto anapaza sauti, “Mama, umeamka?” Anajibu, “Nimeamka, na wewe?” Basi. Asubuhi moja nilimwambia apumzike, nikachelewa kuwasha. Saa moja haijafika, geti linagongwa. Ni yule jirani, kanga bado iko begani, macho yamemtoka: “Sioni moshi, kuna nini?”

Huku kazini tunawavisha wazee kengele shingoni, na aliye kwake anailipia kila mwezi. Mama yangu kengele yake ni moshi. Mimi nilimhamisha nikampeleka kwenye jiko la umeme, nyuma ya ukuta wa mita tatu.

Sisemi Katuba ni paradiso. Usiku Mama alikuwa anatoka na tochi mdomoni kwenda choo cha nyuma, hata mvua ya Januari ikinyesha na udongo ukiteleza. Nakubali pia kwamba jirani si malaika popote pale. Tunajua wazee wanaoitwa walozi, yaani wachawi, mtaani kwao wenyewe, mtoto akiugua macho yote yanamgeukia kambo, yaani bibi au babu. Kuna mabibi wamefukuzwa lupango kwa neno hilo. Kwa hiyo tusiringe kwamba kwetu wazee wako salama kwa sababu tu ni kwetu.

Lakini ndani ya wiki zile nne nilifanya ninachokifanya kazini. Ubelgiji tuna kipimo kinaitwa Katz. Kinauliza mambo sita tu: kuoga, kuvaa, kuinuka na kutembea, kwenda choo, kuzuia haja, kula. Kwa kila jambo unaandika namba kuanzia 1 mpaka 4. Moja, anafanya mwenyewe. Nne, anafanyiwa yote. Niliketi na Mama chini ya mwembe, tukapitia yote sita. Aliona aibu mwanzoni, halafu akacheka, halafu akaniambia vitu ambavyo hakuwahi kuniambia: kwamba kuinuka kutoka kile kigoda chake kifupi kunamchukua muda, kwamba mara mbili amechelewa njiani usiku. Kula, kuvaa, kuoga, hana shida kabisa. Kwa hiyo mama yangu hakuhitaji ghorofa. Alihitaji choo cha karibu na kiti kirefu.

Na ndivyo tulivyofanya. Choo cha kukalia, ndani, hatua sita kutoka kitandani. Bomba la chuma ukutani la kushikilia, fundi alilichomelea kwa siku moja. Tenki la maji. Taa ndogo ya sola kwenye njia, inayowaka yenyewe usiku. Kizingiti cha mlango tumekivunja, tumeweka mteremko wa saruji, tena wa kukwaruza, siyo wa kung’aa. Yote pamoja hayakufika bei ya karo za sebule ya ile ghorofa. Na ghorofa tumeipangisha. Kodi yake inalipa dawa za presha za Mama na inamlipa binti wa mama mdogo, anayekuja kukaa naye. Nakazia hapo: anayelea mzee alipwe, kila mwezi, na Jumapili yake apumzike. Tumezoea kumchukua mtoto wa ndugu kijijini, tunampa chakula na kitenge, tunasema ni familia. Kuinua mzee ni kazi. Mgongo wangu unaijua.

Pesa sasa, maana mnaniuliza kila mara. Chumba katika nyumba ya wazee hapa mara nyingi kinapita euro 1,500 kwa mwezi, na wengi pensheni yao haifiki hapo. Pengo linazibwa na akiba, na nyumba iliyouzwa, au na ofisi ya msaada ya manispaa, CPAS. Na CPAS inaweza kuwageukia watoto iwadai. Ndiyo, hata huku sheria inamdai mtoto. Kwetu, CNSS, mfuko wa pensheni wa Serikali, inamlipa yule ambaye mwajiri alimwandikisha na akachangiwa. Mama aliyeuza ndakala, yaani dagaa, sokoni miaka 40 hayumo.

Na hata aliyeajiriwa: mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, iliagana na wafanyakazi 10,655 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, pesa zikatoka Benki ya Dunia. Mliokuwa vijana wakati ule mnakumbuka mitaa ilivyokuwa. Fungu kubwa kwa mkupuo. Mmoja ananunua basi dogo, mwingine anafungua duka, mwingine anaenda kulima. Baada ya miaka michache basi limekufa na duka limefungwa. Lile fungu lilikuwa la mara moja, na uzee unakuja kila asubuhi. Ndiyo maana kodi ya mwezi naiamini kuliko zawadi kubwa ya Krismasi.

Ninyi wenzangu wa ughaibuni mnaosema, “Nikistaafu narudi nakaa Lushi,” hebu tuongee. Mimi ni wa 1973. Hapa umri wa pensheni umekuwa miaka 66 tangu Februari 2025, na 2030 utakuwa 67. Kwa hiyo kwangu ni 2040. Pensheni niliyoifanyia kazi itanifuata hata Lubumbashi, mradi kila mwaka nithibitishe kwamba niko hai. Lakini ile posho ya wazee wenye kipato kidogo, GRAPA, haisafiri: ukikaa nje ya Ubelgiji zaidi ya siku 29 kwa mwaka, malipo yanasimama. Ulizeni mapema mtakuwa fungu gani.

Na kuna lingine linalouma. Nilichukua uraia wa Ubelgiji. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Maana yake nashuka uwanja wa ndege wa Luano na viza mkononi, katika mji niliozaliwa. Na ardhi, kwa sheria ya 1973, ni ya Serikali. Tunachopewa ni haki ya kuitumia, na ile haki isiyo na mwisho ni ya Mkongomani tu. Mgeni anapewa ya muda, isiyozidi miaka 25, inayoweza kuongezwa. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa ya saruji, angalieni cheti cha usajili wa kiwanja kimeandikwa jina la nani. Chetu cha Katuba kiko kwa jina la Mama, na tumekubaliana sote watano, kwa maandishi, kwamba hakuna wa kumgusa akiwa hai. Mazungumzo yale yalichukua saa tatu na kaka yangu mmoja alitoka nje akiwa na hasira. Alirudi, akatia sahihi.

Mimi mwenyewe nitakaa wapi? Mwaka jana ningewaambia Lushi bila kufikiri. Jakaranda zilikuwa zimechanua, ningesema chochote. Lakini watoto wangu wako huku, na mjukuu wa kwanza anazaliwa mwezi wa tatu. Nimeandika karatasi, nimempa binti yangu mkubwa: nikiwa bado natembea, miezi ya baridi ya huku nitakuwa Katuba, chumba cha nyuma. Nikishindwa mambo matatu katika yale sita, nirudi huku, anitafutie nafasi katika nyumba ya wazee niliyoichagua mwenyewe. Nimeshatembelea mbili. Ya kwanza ilinuka mkojo mlangoni, nikageuka. Binti yangu alikataa kuipokea karatasi, akasema ninajitabiria. Nimeiacha juu ya friji yake.

Basi nilichotaka kuwaomba ni hiki. Jumapili hii, mkimpigia Mama, au Baba, au kambo aliyewalea, msianze na pesa wala na malalamiko ya ndugu. Muulizeni, “Asubuhi ukiamka, ungependa kumsikia nani?” Halafu nyamazeni. Mama yangu alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Wale mlioniuliza kuhusu kile kiti kirefu cha Mama: nimempa fundi seremala wa kule Katuba kipimo, sentimita 48 kutoka chini, mikono miwili ya kushikilia, na miguu mipana ili kisipinduke kwenye udongo wa chini ya mwembe. Amesema Ijumaa kitakuwa tayari. Mama ameshaenda mara mbili kukijaribu.