Tunda kwa Simbilisi Ni Kionjo

Ndugu wazazi, na nyie watoto mliokaa mbele, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie matunda ya kumlisha simbilisi, yule mnyama mdogo ambaye Kiingereza humwita guinea pig. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini waliomfuga kwa kitoweo walimkatia majani, na walikuwa sahihi. Meno yake hayaachi kuota maisha yake yote, na kinachoyasaga ni nyasi anazotafuna kutwa. Asipokuwa na nyasi, hata tunda zuri namna gani halimfai.

Basi tunda la nini? Vitamini C. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walieleza jinsi simbilisi waliolishwa nafaka tupu walivyopata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, uleule uliomaliza mabaharia. Simbilisi mzima, mwenye uzito wa karibu kilo moja, anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa siku.

Sasa pigeni hesabu. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200. Ndizi haifiki hata 10. Kwa hiyo kipande cha pera kama ncha ya kidole gumba kinashinda ndizi nzima, na sukari yake ni kidogo. Pilipili hoho ni bora zaidi, maana hiyo unaweza kumpa kila siku. Najua watoto mnapenda kumpa ndizi kwa sababu anaifurahia. Hata nyie mnafurahia peremende!

Papai, embe, nanasi, tikiti: kipande kidogo, mara moja au mbili kwa wiki. Tufaa toeni mbegu, zina kemikali inayozalisha sianidi. Chungwa liwe dogo sana, uchachu wake huweza kumchubua midomo. Tende na zabibu kavu acheni kabisa. Ni sukari tupu. Nyanya iliyoiva sawa, lakini majani yake, kikonyo na nyanya ya kijani isiyoiva ni sumu.

Hapa nitasimama kidogo: parachichi. Ndugu zangu wa Njombe na Rungwe, kwenu yamejaa, na maganda hutupwa popote. Parachichi lina sumu iitwayo pesini, na majani yake ndiyo hatari zaidi. Nyama yake nayo ina mafuta ambayo tumbo hili halikuumbiwa. Asipewe hata kidogo.

Tumbo la simbilisi linategemea bakteria wanaochachusha majani. Sukari ikizidi, bakteria hao huvurugika, gesi hujaa, naye hawezi kutapika. Akiacha kula au kinyesi kikipungua, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Amoksilini ya kabatini, ile dawa ya kuua bakteria, msimpe kamwe, inaweza kumuua.

Kuna mtoto kanyoosha mkono, anauliza ganda la tikiti. Mpe, mwanangu, ila lioshe kwanza, na ulikate jembamba.