Lenzi ya Pili Kwanza: Mhadhara kwa Anayenunua Kamera Yake ya Mwanzo

Asanteni kwa kufika. Mlioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na kamera hizi ni ndogo, hamtaziona vizuri mkiwa huko.

Swali lililotukutanisha mnalijua: nina hela ya kamera moja, nichukue ipi? Mara nyingi anayeuliza ameshachuja mwenyewe, zimebaki mbili, na hapo ndipo usingizi unapopotea. Nimezileta mbili ambazo wanaoanza huzishindanisha sana. Hii ni Nikon D3500, ilitoka mwaka 2018. Ni kamera ya kioo, yaani ina kioo ndani kinachokuletea picha jichoni, na Nikon wameshaacha kuitengeneza, kwa hiyo anayeitaka leo atafute ya mtumba. Hii nyingine ni Canon EOS R50, ilitangazwa Februari 2023, na haina kioo. Zote zinabadilishwa lenzi, zote zina megapikseli 24 na nukta, na zote zimeundwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kumiliki kamera.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na wapo wapiga picha wenzangu wanaomtupia mwanafunzi methali hiyo kila akiuliza habari za kamera: wewe piga tu, kamera ni kamera. Mimi siko pamoja nao. Mtu anayenunua kitu cha gharama, ambacho atakaa nacho miaka, ana haki ya kuchagua. Tatizo langu ni pale anapoanzia. Anaanza na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Anahesabu megapikseli, anahesabu picha kwa sekunde, anasoma majedwali mpaka macho yanauma. Lenzi anaichukulia kama kitu kitakachokuja chenyewe.

Ushauri wangu wa leo ni mmoja: amua kwanza lenzi ya pili utakayonunua, kisha ndipo urudi uchague bodi.

Kwa nini ya pili? Kwa sababu ya kwanza hukuichagua, ilikuja kwenye boksi. R50 huuzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 45, f/4.5 hadi f/6.3. D3500 huja na ya milimita 18 hadi 55, f/3.5 hadi f/5.6. Milimita zikizidi, lenzi inavuta karibu zaidi. Ni lenzi nyepesi, na mchana nje ya nyumba zinatoa picha safi kabisa, asikudanganye mtu. Shida yake ni tundu, yaani uwazi ndani ya lenzi unaopitisha mwanga, ambao ukubwa wake huandikwa kwa namba ya f. Namba ya f ikipanda, tundu linapungua, na ukivuta lenzi hizi mpaka mwisho tundu linabaki dogo kweli.

Tuone kwa macho badala ya kuongea. Naomba taa za mbele zizimwe, tubaki na ile moja ya pembeni. Asante. Hapo pana mwanga kama wa sebuleni usiku. Nimeweka R50 na lenzi yake ya boksini, nimeivuta mpaka 45, tundu limefikia f/6.3. Kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, nimeiweka 1/125 ya sekunde, maana mtoto anayecheza hatulii, na chini ya hapo mikono yake itatoka kama moshi. ISO, namba inayoonyesha kamera inaukuza mwanga kiasi gani, nimeiachia kamera yenyewe. Mnaona skrini hapo ukutani? ISO 6400. Nikuze picha. Angalieni shavu la huyu dada aliyejitolea kukaa: chembechembe zimejaa, na weusi wa nywele umekuwa kama mchanga. Sasa naitoa lenzi hiyo, naweka hii ya milimita 50, f/1.8. Kasi ni ile ile, kiti ni kile kile. ISO imeshuka hadi 500. Nakuza tena: nywele zinahesabika.

Bodi haijabadilika. Hesabu yake ni rahisi: chukua 6.3 ugawe kwa 1.8, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Unapata kama 12. Lenzi ya pili inaingiza mwanga mara 12 zaidi. Hakuna bodi ya kuanzia duniani inayoishinda jirani yake mara 12 kwa jambo lolote la maana. Ila kuna cha kulipia: ukifungua tundu kiasi hicho, kina cha sehemu iliyo kali kinakuwa chembamba. Jicho moja likiwa kali, sikio linaweza kulegea. Nitarudi hapo tukifika kwenye fokasi, yaani kulenga mahali pa kuwa pakali. Washeni taa.

Basi tuulize kila kamera inampa nini mtu wa lenzi ya pili.

Mdomo ni pale lenzi inapofungwa kwenye bodi. D3500 inatumia mdomo wa F, ambao Nikon waliuanzisha mwaka 1959. Maana yake lenzi za mtumba zimejaa kila kona. Lakini hapa pana mtego, na watu wananaswa kila siku. Bodi hii haina mota ya fokasi ndani. Lenzi za Nikon za zamani zilitegemea mota ya bodi kuzizungusha, kwa hiyo ukiifunga mojawapo kwenye D3500 itakaa vizuri, itapiga picha, ila fokasi utazungusha kwa mkono. Mfano maarufu ni ile 50mm f/1.8D. Bei yake inavutia, muuzaji anaapa kwamba inaingia, na kweli inaingia. Wewe soma maandishi kwenye lenzi: unataka AF-S au AF-P, hizo zina mota yake ndani. Ukiona AF peke yake, rudisha mezani.

Lenzi ninayompendekezea mwenye D3500 ni moja, sina hata ya kufikiria: AF-S DX 35mm f/1.8G, ya mwaka 2009. Kihisi cha kamera hii, kile kinachopokea picha badala ya filamu, ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, kwa hiyo 35 inaona kama 52 hivi ingeonavyo kwenye filamu. Inaenea chumbani, inafaa barabarani, na inapiga picha ya mtu bila kumvuta pua. Ipo muda mrefu sokoni, kwa hiyo ya mtumba hukosi.

R50 inatumia mdomo wa RF, ambao Canon waliuanza mwaka 2018. Ni mchanga, na lenzi za mtumba ni chache zaidi. Hii 50mm f/1.8 niliyotumia sasa hivi ina gramu 160 tu, naipenda, lakini kwenye R50 inaona kama 80. Kwa uso wa mtu, safi. Kwa familia nzima chumbani, utarudi nyuma mpaka mgongo ugote ukutani na bado mjomba atakatwa bega. Ipo RF 28mm f/2.8, nyembamba kama kifuniko, inayoona karibu na macho yetu yanavyoona, ila tundu lake si pana kama la hizi nyingine.

Kwa muda hapo ndipo nilipokuwa nikiwaambia watu wafikirie mara mbili kuhusu Canon hizi ndogo. Mambo yalibadilika mwaka 2024, Canon walipowaruhusu Sigma na Tamron, watengenezaji wengine wa lenzi, kutengeneza lenzi za autofokasi kwa kamera zao za RF zenye kihisi kidogo. Sigma walianza na 18-50mm f/2.8. Hiyo ni lenzi ya kuiweka kwenye bodi na kusahau kuitoa. Halafu iko njia nyingine ambayo wengi hawaijui: adapta, kipande cha kuunganisha lenzi na bodi ya mdomo mwingine. Canon walipoanza mdomo wa EF mwaka 1987 waliweka mota ya fokasi ndani ya lenzi zenyewe. Kwa hiyo lenzi ya EF ya zamani, ukiitia adapta yao ya kwenda RF, inafokasi yenyewe kwenye R50. Mtego ule wa Nikon, huku haupo. Tatizo ni kwamba ukishaweka adapta na lenzi kubwa ya zamani, ile bodi ndogo inabaki inaning'inia tu.

Wapenda ndege na mpira, nanyi ninawasikia. Nikon ana AF-P DX 70-300mm VR, nyepesi na ya kuaminika, ila hakikisheni ina herufi hizo VR, maana ilitengenezwa pia isiyotuliza mtikisiko. Canon ana RF-S 55-210mm, ndogo sana, lakini ukiivuta mpaka mwisho tundu ni f/7.1. Jua likizama, mechi imeisha kwako.

Sasa bodi, na humo nitapita haraka isipokuwa mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni kile jicho linachoona. Kwenye D3500 mwanga unapita kwenye lenzi, unagonga kioo, unapanda juu, unakufikia. Unaona dunia yenyewe, bila kuchelewa, na betri haitumiki kwa kuchungulia. Ndiyo maana kwa kipimo cha kawaida cha watengenezaji kamera betri yake inapiga picha 1,550, wakati ya R50 haifiki hata 500. Anayesafiri mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, hiyo namba aiandike. Lakini tundu lile la kuchungulia linaonyesha asilimia 95 tu ya picha, kwa hiyo pembeni huingia vitu ambavyo hukuviona. Na halikuambii kama picha itakuwa nyeusi au itaungua kwa mwanga. Utajua baada ya kupiga. R50 inakuonyesha skrini ndogo ndani ya tundu: ukipunguza mwanga, unaona unavyopungua kabla hujabonyeza. Kwa mwanafunzi, hilo ni darasa la bure. Nimeona watu wakielewa uhusiano wa kasi, tundu na ISO kwa mchana mmoja kwa kuzungusha gurudumu na kutazama tu.

Mahali pa pili ni fokasi, na hapa sitafumba maneno: R50 inaiacha D3500 mbali. D3500 ina vituo 11 vya fokasi vilivyokusanyika katikati, na kile cha katikati kabisa ndicho chenye nguvu. R50 inatafuta karibu fremu nzima, inamtambua mtu, mnyama au gari, inashika jicho na kulifuata. Kumbukeni nilivyosema tundu likifunguka kina kinakuwa chembamba. Mtoto anakimbia, lenzi iko f/1.8, jicho liko pembeni ya fremu. Kwa D3500 utapata picha moja kali kati ya nyingi, na utafurahi nayo. Kwa R50 kazi yako ni kungoja tabasamu.

Video? Hakuna mashindano. D3500 inaishia ubora wa 1080, haina pa kuchomeka maikrofoni, na fokasi yake ukirekodi huhangaika mbele na nyuma kama aliyepoteza funguo. R50 inarekodi 4K, iliyo kali zaidi, ina tundu la maikrofoni, na skrini inageuka ikutazame. Kama video ni hata robo ya kazi yako, Nikon hii isikupotezee muda.

Uzito: gramu 415 za D3500 kwa 375 za R50, pamoja na betri na kadi. Achana nao. Picha kwa sekunde nazo achana nazo, ila nionye kidogo: zile 15 za R50 zinatoka kwa shata ya kielektroniki, na chini ya taa nyingine za LED huchora mistari kwenye picha.

Kaka pale mlangoni ananyoosha kidole tangu zamani. Anasema nimezunguka sana, nitaje moja. Haya. Ukiwa na hela ya R50 na ya lenzi ya pili, iwe ni leo au miezi michache ijayo, chukua R50. Ukiwa na hela ya R50 peke yake, na unajua moyoni kwamba utabaki na lenzi ya boksini miaka miwili, na video huna haja nayo, basi chukua D3500 ya mtumba pamoja na ile 35mm. Utapiga picha bora sebuleni kuliko mwenzako mwenye kamera mpya. Najua wauzaji hawapendi nikisema hivyo.

Dada anauliza, je, akinunua Nikon hiyo si anaingia kwenye njia iliyofungwa? Swali zuri. Lenzi mpya za F hazina mbele tena, Nikon wamehamia mdomo wa Z. Lakini wana adapta, FTZ, na lenzi za AF-S zinafokasi vizuri kwenye bodi za Z. Hivyo 35mm yako haifi na bodi. Mwenye R50 naye lenzi zake za RF zitaingia kwenye Canon kubwa za RF bila adapta, ila zile zenye maandishi RF-S zimepimwa kwa kihisi kidogo, na kwenye bodi kubwa utatumia sehemu tu ya kihisi.

Na la mwisho, mzee hapa mbele anauliza mtumba unakaguliwaje. Toa lenzi, ielekeze kwenye taa, chungulia ndani kutoka upande wa nyuma: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, usiichukue hata ukipunguziwa. Zungusha pete ya kuvuta usikilize kama kuna mchanga. Tazama kwenye bodi vile vipini vidogo vinavyogusana na lenzi, visiwe vimepinda. Piga picha ya karatasi nyeupe tundu likiwa f/16, madoa ya kihisi yatajitokeza yenyewe. Kisha omba faili ya picha uondoke nayo kwenye simu: Nikon huandika ndani ya faili idadi ya mara shata imefunguka, na programu za kuisoma zipo za bure. Muuzaji akikataa kukupa hiyo faili, mpe kamera yake.