Windows 7 inakataa apdeti na kila ukurasa "si salama"? Tuirudishe mtandaoni

Habari zenu wapendwa, karibuni tena mezani. Leo nina kompyuta ya mezani, mnara mweusi, vumbi nimeshalipuliza kabla ya kuwasha kamera, na ndani yake kuna Windows 7. Mwenye mali ni mama mwenye steshenari karibu na shule ya sekondari. Yuko hapa pembeni, shikamoo yangu nimeshampa, na kanikubalia nirekodi. Mama, waambie watazamaji shida yenyewe.

"Kila ukurasa nikifungua inasema si salama. Wanafunzi wanakuja kujaza fomu za mkopo, nawarudisha. Na apdeti inaniletea ngao nyekundu na namba nisizozielewa."

Mmemsikia. Na kabla hamjaniandikia "mwambie anunue mpya", tazameni hiki kiskana chake. Kinafanya kazi vizuri mno, ila waliokitengeneza hawakuwahi kutoa programu ya kukiendesha kwenye Windows za baadaye. Akibadili Windows, kiskana kinakuwa pambo. Ndiyo maana kazi hii naipenda: mashine haijafa, imepotezana tu na wenzake mtandaoni.

Kwa ufupi sana. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na Microsoft waliacha kuihudumia kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Januari 2020. Masasisho, yaani hizo apdeti, yaliyotoka kabla ya tarehe hiyo bado yapo kwenye seva zao. Kinachokwama ni maelewano, na yanakwama sehemu nne: saa, saini za mafaili, vyeti vya mizizi, na TLS, yaani ile lugha ya siri ambayo kompyuta na seva huongea. Tutakwenda kwa mpangilio huohuo. Usiruke.

Tuanze na saa. Sogea na kamera hapa, kona ya chini kulia. Mnaona? Januari 2010. Kila tovuti yenye kufuli ina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2010 ikikutana na cheti cha mwaka huu, inaona bado hakijaanza kazi, inakikataa. Ukiona apdeti imekupa namba 80072F8F, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, angalia saa.

Sababu ni hii betri. CR2032, duara kama sarafu, volti 3. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bana hiki kijino, inaruka. Mpya inaingia maandishi yakitazama juu. Imekwisha hiyo. Betri ninazo dukani, shilingi 2,000, na kwa mteja wa dukani nafunga mwenyewe bila malipo.

Sasa weka tarehe. Lakini ngoja, hapa watu wanapotea: ukiweka saa sahihi ukaacha ukanda wa saa ulivyo, bado umekosea. Hii ilikuwa kwenye ukanda wa Marekani, UTC-08:00. Ukiisoma saa kwa macho iko sawa, kumbe kwa hesabu za dunia iko mbele saa kumi na moja. Bofya pa kubadili ukanda, shuka mpaka UTC+03:00 Nairobi. Halafu ndiyo urekebishe saa. Ukanda kwanza, saa baadaye.

Haraka haraka: bonyeza Start, andika winver, Enter. Tunatafuta namba 7601 na maneno Service Pack 1, yaani kile kifurushi kikubwa cha masasisho. Ipo. Kama yako inasoma 7600, weka kwanza Service Pack 1, maana yote yanayofuata yatagoma.

Sasa saini. Kila faili la apdeti hutiwa saini na Microsoft ili kompyuta ijue halijachezewa. Zamani saini ilikuwa ya aina ya SHA-1. Ikaonekana inaweza kughushiwa, na mwaka 2019 wakahamia SHA-2. Windows 7 ambayo haijafundishwa kusoma SHA-2 inaletewa apdeti halali kabisa na inaiona kama karatasi isiyo na mhuri. Hapo ndipo zinatoka 80092004 na 80072EFE. Mama, yako ilikuwa ipi? Hii ya pili, eeh.

Dawa ni mafaili mawili, yapakue kwenye kompyuta nyingine kutoka Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft yenye mafaili ya apdeti, uyabebe kwa flashi. Ni bure, asikuuzie mtu. La kwanza KB4490628, la Machi 2019. La pili KB4474419. Hili la pili lilitolewa upya mara kadhaa, chukua la Septemba 2019. Kwanza 4490628, kisha 4474419.

Nabofya la kwanza mara mbili, na... aa. Inasema apdeti hii haiihusu kompyuta yako. Sitakata kipande hiki, kwa sababu kitawatokea na nyinyi. Tazameni jina la faili, mwishoni limeandikwa x86. Hilo ni la mashine za biti 32. Bofya kulia kwenye Computer, chagua Properties, soma mstari wa System type: hii ni biti 64. Tunataka lenye x64. Ninalo kwenye flashi nyingine, nipeni dakika.

Tumerudi. Nabofya. Inasema inatafuta masasisho kwenye kompyuta hii, na ule mstari wa kijani unakimbia tu. Unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi, bado unakimbia. Usisubiri. Funga. Bonyeza Start, andika services.msc, shuka mpaka Windows Update, bofya kulia, Stop. Chomoa na waya wa intaneti. Fungua faili tena. Mnaona? Sekunde chache na tayari linauliza kama tuweke. Ndiyo.

Ikikuambia uizime na kuiwasha, fanya hivyo, halafu ndiyo ulete la pili. Hapa nimeichomeka kwenye UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, maana umeme ukikatika ikiwa inaandika mafaili ya mfumo, unaweza kujikuta unaweka Windows upya. Mama, chai ipo kwenye chupa, karibu.

Yote mawili yameingia. Sasa vyeti vya mizizi.

Kompyuta haiwezi kuijua kila tovuti duniani. Inawajua wadhamini wachache, na tovuti hudhaminiwa na hao. Tovuti nyingi sana hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt. Mdhamini wao wa zamani, DST Root CA X3, muda wake uliisha tarehe 30 Septemba 2021, na Windows 7 iliyokaa miaka bila apdeti huenda haimjui mdhamini mpya, ISRG Root X1. Kwa hiyo saa imekaa sawa, intaneti ipo, na bado kurasa zinakataa.

Pakua faili isrgrootx1.der kwenye tovuti ya Let's Encrypt yenyewe, kwa kompyuta nyingine au simu. Liweke kwenye folda C:\cheti. Fungua lile dirisha jeusi la amri kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator, kisha andika:

certutil -addstore Root C:\cheti\isrgrootx1.der

Hapa nasimama kidogo. Ukiongeza mdhamini kwenye orodha hii, umeiambia kompyuta imwamini kwa lolote atakaloidhinisha. Mtu mwenye nia mbaya akikuwekea cheti chake hapa, anaweza kukuletea benki ya uongo yenye kufuli zuri kabisa. Usiweke cheti ulichotumiwa WhatsApp, hata kama kimetoka kwa rafiki. Lifungue faili kwanza, nenda Details, shuka chini mpaka Thumbprint. La kweli linaanza na ca bd 2a 79. Ukikuta herufi nyingine, futa.

Sasa tumefika kwenye TLS, na nawaomba mtulie, kwa sababu hapa niliwahi kupoteza siku mbili nzima kwenye mashine ya mteja aliyekuwa na haraka.

TLS 1.2 ilichapishwa Agosti 2008, kabla hata Windows 7 haijatoka. Windows 7 ilikuja nayo, ila imezimwa. Tovuti zenyewe zimeacha zile za zamani, 1.0 na 1.1. Kwa Internet Explorer ni rahisi: Internet Options, Advanced, shuka mpaka chini, weka tiki kwenye Use TLS 1.2, toa tiki kwenye SSL zote, hizo ni lugha za kale zaidi, kabla ya TLS. Tumemaliza.

Ila programu nyingine zinazopita kwenye njia ya Windows yenyewe, kama Outlook, hazisomi tiki hiyo. Hizo zinahitaji apdeti nyingine, KB3140245. Na KB3140245 ukishaiweka haiwashi kitu! Inafungua mlango tu, kuingia ni wewe, kupitia rejistri, pale Windows inapohifadhi mipangilio yake. Fungua regedit, hifadhi nakala kwanza kwa File, Export. Kisha nenda:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Internet Settings\WinHttp

WinHttp isipokuwepo, itengeneze, ni folda tu ya rejistri, wanaiita Key. Ndani yake tengeneza DWORD ya biti 32, yaani nafasi ya kuandika namba, iite DefaultSecureProtocols. Ibofye mara mbili. Sogeza kamera, sogeza kabisa. Mnaona viduara viwili, Hexadecimal, hesabu ya kumi na sita kumi na sita, na Decimal, hesabu yetu ya kawaida? Tunaandika 800, na kiduara kiwe kwenye Hexadecimal. Hexadecimal. Mimi niliiona 800 kama namba ya kawaida, nikahamishia Decimal, Windows ikaipokea bila kulalamika, na siku mbili nikawa nalaumu modemu, nalaumu laini, nalaumu antivirusi.

Kujihakiki, funga kidirisha usome safu ya kulia. Sahihi ni 0x00000800 na kwenye mabano 2048. Ukikuta 0x00000320 na kwenye mabano 800, umeangukia nilipoangukia: TLS 1.2 haimo, na badala yake umewasha SSL 3.0. Rudia kuisoma. Narudia tena: mabano yasome 2048.

Kwenye biti 64 kuna pa pili, njia ni ileile ila baada ya SOFTWARE unapitia Wow6432Node. Namba ileile, hexadecimal ileile. Mwisho nenda:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\SecurityProviders\SCHANNEL\Protocols

Humo tengeneza Key iitwayo TLS 1.2, ndani yake nyingine iitwayo Client, ndani yake DWORD iitwayo DisabledByDefault, thamani sifuri. Sifuri ni sifuri kote kote, hapo hakuna mtego.

Rudisha waya wa intaneti, zima, washa.

Inapowaka niseme kuhusu vivinjari. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni 109, ya Januari 2023. Mimi nampa mama Firefox 115 ESR, ESR ni toleo la huduma ya muda mrefu. Firefox inakuja na orodha yake ya wadhamini na TLS yake, haitegemei za Windows. Pia inakusaidia kupima: ukurasa ukifunguka kwenye Firefox na kugoma kwenye Internet Explorer, shida iko ndani ya Windows. Ukigoma kote, rudi kwenye saa.

Imewaka. Windows Update, Check for updates. Ikikurudishia kosa, simamisha huduma za wuauserv, ndiyo ile Windows Update, na bits, yaani Background Intelligent Transfer Service, badilisha jina la folda C:\Windows\SoftwareDistribution iwe SoftwareDistribution.old, washa huduma, jaribu tena. Windows itatengeneza folda mpya yenyewe. Yetu... subirini... haijaleta ngao nyekundu. Inatafuta. Utafutaji wa kwanza unaweza kuchukua saa kadhaa, na feni itapiga kelele, iache.

Mama, nakuomba kitu kimoja: mambo ya benki na pesa yafanye kwenye simu yako, si hapa. Tumeirudisha mtandaoni, lakini matundu yaliyogunduliwa baada ya 2020 hatujayaziba. Hii iwe ya kuskani, kuchapa na kujaza fomu. Umenielewa?

"Nimekuelewa mwanangu. Hebu nifungulie ule ukurasa wa fomu."

Haya, naandika anwani. Kufuli hilo pale, limefunga. Mama ameshachukua simu anawapigia wanafunzi warudi, na masasisho yamepatikana, yanaanza kushuka. Naacha bando lifanye kazi yake.