Kona Isiyofagiliwa

Asalaam aleikum, wazee wangu. Tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru kuitwa hapa Mikindani leo, Jumamosi ya pili ya Oktoba, siku ambayo dunia nzima inawakumbuka ndege wahamao.

Waliopita ufukweni maji yakiwa yametoka wamewaona vitwitwi wakidonoadonoa matopeni. Wengine wameanguliwa kaskazini kabisa mwa dunia, kwenye nchi za barafu. Hao bahari itawalisha. Mimi nimekuja kuwasemea wanaoshukia uani kwetu: mbayuwayu, keremkerem, na kindege kimoja kidogo cha kijani kilichofifia, hakitulii, kinachokonoa majani ya mwembe tangu alfajiri. Shikeni korosho mbili zenye ganda kiganjani. Uzito wake ndio huo, kama gramu 10 tu. Kimezaliwa Ulaya mwaka huu huu pengine, kikavuka jangwa la Sahara, kikisafiri usiku, bila mzazi wa kukionyesha njia.

Kinafika kwetu kiangazi kimekaza, mvua bado mwezi na zaidi. Kwa hiyo kwanza maji. Sinia kuukuu linatosha. Maji yasizidi pingili mbili za kidole, katikati weka jiwe lenye mkwaruzo ili ndege apate pa kusimama. Liwe hatua tatu nne kutoka kichakani, paka asipate pa kuvizia. Na mmwage kila baada ya siku mbili, tusije tukafuga mbu.

Chakula? Msiwamwagie wali. Hawa wanakula wadudu, na hapo ndipo penye ugumu, maana sisi tumelelewa na ufagio. Marehemu mama yangu hakulala uwanja ukiwa na jani. Simwambii mtu aache kufagia. Mbele ya mlango pang'ae. Lakini chini ya mwembe, kule nyuma, acheni majani yaoze, msiyachome. Humo mna buibui, viwavi, mende wadogo. Ua wa minyaa nao msiukate wote kwa mara moja. Na ile dawa ya wadudu iliyobaki ya mikorosho, nawasihi sana, msinyunyizie mchicha wa uani. Inaua wadudu ambao ndege amewafuata kwa maelfu ya kilomita, na mchicha wenyewe tunawapa watoto.

Watoto, tuzungumze nao. Mwaka jana mtoto wa jirani aliniletea keremkerem aliyenasa kwenye ulimbo, mabawa yamegandana. Alikufa mkononi mwangu kabla ya magharibi. Sikumgombeza yule mtoto. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia yule ndege ametoka wapi, nami nikiwemo.

Sinia moja nimekuja nalo. Mama pale mbele, naomba ndoo ya maji, twendeni sote nyuma chini ya mwembe nikawaonyeshe jiwe linavyokaa.